Sahani Zenye Alama

Debe la kupimia mahindi nyumbani kwetu Kaengesa, mkoani Rukwa, liliingia kijijini likiwa limejaa mafuta ya taa. Aliyeyanunua mafuta hayo ni nani, na mwaka gani, hakuna aliyekuwa akikumbuka. Mafuta yalikwisha, bati likabaki. Likakatwa mdomo, likapigiliwa kijiti cha kushikia kwa juu, likaenda kisimani miaka na miaka. Lilipoanza kuvuja likahamia ghalani, na huko ndiko nilikolikuta mimi: debe sita, gunia moja, baba akihesabu kwa sauti ili kila aliye uani asikie. Kutu ilipolila kitako, fundi alilipasua, akalinyoosha kwa nyundo, likaezeka banda la kuku.

Watu wakisikia kwamba nyumbani kwangu tunatupa kidogo, huniuliza wanunue nini. Chupa ya chuma? Mfuko wa kitambaa? Mrija wa mianzi? Wanaouliza wana nia njema, na vitu hivyo sina ugomvi navyo. Ila mimi nimekulia katika nyumba iliyokuwa karibu haina taka kabisa, na hakuna kilichonunuliwa ili iwe hivyo. Sehemu ya sababu ilikuwa umaskini, na umaskini ule siutaki urudi. Sehemu nyingine haikuwa umaskini hata kidogo, nayo ndiyo ninayotaka kuisema, kwa sababu hiyo tunaweza kuirudisha hata tukiwa na fedha mfukoni.

Nianze na umaskini, tumalizane nao. Utoto wangu ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi imetoka kwenye Vita vya Kagera, maduka matupu. Sabuni ikifika kijijini ilikuja kwa mgao. Kanga ya mama ilianza maisha yake kanisani, ikaenda shambani, ikabeba mtoto mgongoni, ikakatwa nepi. Nepi zikachakaa zikawa matambara ya jikoni, na tambara la mwisho likasokotwa utambi wa koroboi. Koroboi yenyewe ilikuwa kopo la dawa lililochomelewa na fundi wa bati. Hata zahanati ilichemsha sindano. Naliona mpaka leo lile boksi la chuma juu ya jiko la mafuta, mvuke unatoka, muuguzi anachomoa sindano ya kioo kwa koleo na sisi watoto tumejipanga ukutani tunatetemeka. Sindano inayotumika kwa mtu mmoja ikatupwa ni neema kubwa, na hakuna atakayenishawishi turudi kule. Nasema hivi mapema ili asiwepo wa kudhani ninalilia kila kitu cha zamani.

Nyuma ya jiko palikuwa na shimo. Liliingia majivu, maganda ya maharage, mabua, mavi ya kuku. Likijaa, lilichotwa likapelekwa shambani. Wafipa tuna kilimo chetu cha intumba: nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, zikapinduliwa na kurundikwa kuwa tuta la mviringo, zikaoza humo ndani; msimu unaofuata tuta hutawanywa, ukapandwa ulezi. Nyanda zetu ni za juu, baridi, na udongo wake hautoi bila kulishwa, kwa hiyo kitu chochote kinachooza kilikuwa na mahali pa kwenda. Mkulima wa Ufipa hakuhitaji kuambiwa kwamba taka ni mali.

Kijana wa kaka yangu alikuwa analima shamba hilohilo, jembe likatoa pakiti ya kiroba, zile pombe kali za kwenye vifuko ambazo serikali ilizipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Nyasi za tuta lile zimeshaoza na kuliwa na mazao mara nyingi tangu pakiti ile itupwe. Yenyewe ilikuwa na rangi zake zote, na asilimia ya kilevi unaisoma. Nikawakumbuka wazee wetu na kimpumu, pombe yetu ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija. Mzee alikuja na mrija wake na kuondoka nao. Chungu kilibaki kwa mama mwenye pombe, machicha wakala nguruwe. Walilewa, sikatai, na nyumba ziliumia kwa ulevi wao pia. Lakini hawakutuachia kitu shambani.

Sasa ile sehemu ambayo haikuwa umaskini.

Krismasi na Pasaka tulikunywa soda. Soda zilitoka Mbeya, zikapita Tunduma, zikapanda kwetu kwenye lori juu ya barabara ya vumbi, chupa zikigongana ndani ya kreti njia nzima. Ukifika dukani, kabla ya kuulizwa unataka soda gani, uliulizwa: "Chupa iko wapi?" Huna chupa, unywe hapohapo umesimama, au uache fedha ya chupa na uifuate ukiirudisha. Nyumba iliyokuwa na chupa nne tupu ilizitunza juu ya kabati pamoja na vyeti vya ubatizo. Mtoto aliyevunja moja alichapwa. Wala hapakuwa na aliyetufundisha habari za mazingira. Chupa ilirudi kwa sababu ilikuwa na mwenyewe, mwenyewe huyo alikuwa anaingoja, na lori lililoleta zilizojaa lilikuwa halina budi kuondoka na tupu. Magunia ya katani vivyo hivyo: yaliandikwa kwa rangi herufi za jina la mtu, ukiazimwa unajua unarudisha kwa nani.

Hili ndilo ninaloliamini baada ya kuishi pande zote mbili: chombo hurudi kikiwa na mwenyewe na njia ya kurudia. Kikikosa kimojawapo, hata umhubirie mtu vipi, kitaishia kwenye mtaro. Na anayedhani hayo ni mambo ya maskini tu aangalie Ujerumani. Nchi ile ni tajiri, na tangu mwaka 2003 mnunuzi wa kinywaji kwenye chupa au kopo la kutupa huwekewa dhamana juu ya bei, senti 25 za Yuro, asiipate mpaka arudishe. Watu wenye magari ya kifahari wanapanga foleni na mifuko ya chupa tupu. Swali lao ni lile la mwenye duka wetu wa Kaengesa.

Kisha ikaja lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za Marekani, katika ule mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia uliosainiwa Februari 2008, na mtu wa Rukwa asiyeishukuru barabara hiyo hajawahi kusindikiza mama mjamzito kwenye tope la Machi. Mahindi yetu yanafika sokoni kabla hayajanyeshewa. Mgonjwa anafika hospitali. Lakini barabara imebadilisha pia kinachoingia jikoni. Mafuta ya alizeti tuliyopimiwa kwenye chupa tuliyokwenda nayo sasa yamo kwenye vifuko. Sabuni ya unga, majani ya chai, kahawa, mafuta ya kupaka, kila kimoja kina kipakiti chake cha bei ndogo kinachomfaa mwenye fedha ndogo. Soda imo kwenye chupa ya plastiki, na mwenye duka haulizi tena kitu. Lori la kreti lilirudi na kreti. Lori la katoni za maji ya chupa linarudi na mahindi, na chupa zinabaki kwetu. Mjini zipo njia: kuna vijana wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo. Huku kwetu gunia zima la chupa tupu ni jepesi na safari ni ndefu, nauli inakula bei yote. Na watu tumeongezeka. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Rukwa na watu milioni moja na kidogo, ya 2022 ikatukuta zaidi ya milioni 1.5. Mashimo ya nyuma ya jiko hayakuongezeka kina.

Mwezi wa nane upepo wa Ufipa huanza kuvuma, na kabla ya 2019 ulivuma na rambo, ile mifuko ya plastiki. Zilinasa kwenye miiba ya uzio, kwenye mabua yaliyobaki shambani, juu ya mipera. Ng'ombe walizila. Nilisimama siku moja pale mjomba wangu alipochinja maksai aliyekuwa amekonda bila ugonjwa kujulikana. Alipopasua tumbo kubwa alitoa bonge lililosokotana, gumu, la mifuko ya buluu na myeusi, akaliweka chini kwenye majani, akakaa juu ya jiwe bila kusema. Maksai yule alikuwa akilima mashamba ya nyumba tatu.

Kwa hiyo tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, mimi nilifurahi kwa dhati. Zanzibar walitutangulia tangu 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangaza jambo hilo bungeni mwezi Aprili, na kanuni zikatoka na makali yake: ukikutwa na mfuko, faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, na kwa mwenye kiwanda faini ilifika shilingi bilioni moja. Wengi walisema haitawezekana. Ikawezekana, tena haraka. Wiki ile ya kwanza kina mama walishusha vikapu kutoka darini, vya matete na vya ukindu, vingine vina utando wa buibui, wakaenda navyo gulioni. Wanaume waliona haya kubeba kikapu kwa siku chache, kisha haya ikaisha.

Nimelifikiria sana fanikio lile. Nadhani sheria ilifaulu kwa sababu haikumwachia mteja mzigo wa kukataa. Mtu mwenye njaa, ana mtoto mgongoni, jua linazama, usimtake asimame dukani abishane na mfuko wa bure. Mfuko haupo, basi atakuja na kikapu. Hata hivyo mwanya ulibaki. Karanga, sukari ya kupima, dagaa na maandazi viliendelea kufungwa kwenye vile vifuko laini vinavyoonyesha ndani, na watu wakaanza kuvifanya vibebeo. Na ule mfuko mbadala tuliouziwa nao ni plastiki, ya jamii moja na kiroba cha mbolea, ila imeshindiliwa ikafanana na kitambaa. Una faida moja tu: unadumu. Ukiununua kila unapokwenda sokoni, umeiongezea nchi plastiki nzito mahali pa ile nyepesi. Wangu umening'inia nyuma ya mlango wa jiko, kamba zake nimezishona upya kwa uzi wa nailoni, na siendi gulioni bila huo na kikapu.

Ila mambo ya mfuko ni madogo. Shule yangu kubwa katika jambo hili ilikuwa sahani za jumuiya.

Kila mwenye asili ya kijiji cha Wakatoliki anajua ninachosema. Kina mama wa jumuiya yetu ndogondogo walichanga mahindi baada ya mavuno, wakauza, wakaenda Sumbawanga mjini wakanunua sahani za bati nyeupe zenye ukingo wa buluu, vikombe, vijiko, masufuria mawili makubwa na sinia. Vilikaa kwa mama mkubwa wangu, kwenye sanduku la mbao lililotengenezwa na baba yangu. Chini ya kila sahani palikuwa na nukta mbili nyekundu za rangi ya kucha, kwa sababu jumuiya ya jirani ilikuwa na sahani za aina hiyohiyo na alama yao ilikuwa mstari. Mwenye msiba alichukua bure. Mwenye harusi alilipa kidogo, na fedha hiyo ilinunua zilizopungua. Kulikuwa na daftari. Sahani zilitoka kwa hesabu na kurudi kwa hesabu, kumi kumi, na aliyezichukua alisimama pale hadi ya mwisho ihesabiwe.

Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa kurudisha.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Zimetimia?"

"Zimetimia. Vijiko ndiyo viwili hatuvioni."

"Kijiko hakina miguu. Rudini mkatazame kwenye makombo kabla nguruwe hawajamwagiwa."

Vilikuwa humo, kwenye makombo. Vijiko huwa humo siku zote.

Sahani zile zimelisha watu misibani kwa miongo. Ukigeuza moja leo unaona rangi ya kucha ya zamani, juu yake ya baadaye, juu yake nyingine. Enameli imebanduka ukingoni, bati limeota weusi. Ni vyombo vizuri bado.

Kisha zikaja sahani za kutupa. Zilianzia kwenye harusi za watu wenye uwezo, pamoja na vikombe vya plastiki, maji ya chupa na vile vibokisi vyeupe vya chakula. Zikashuka kwenye ubatizo, zikafika kwenye misiba. Asubuhi baada ya harusi moja ya jirani nilitoka nje nikakuta uwanja mweupe kuanzia kwake hadi kwetu. Watoto walirundika, wakachoma. Moshi ule mzito ulilala chini, kwa sababu asubuhi za kwetu hewa ni baridi, ukaingia ndani kupitia chini ya mlango, na mjukuu wa nyumba ya tatu mwenye pumu akashindwa kupumua hadi akapelekwa kituo cha afya.

Nikalipeleka suala hilo kwenye jumuiya. Tulikuwa tukisoma habari za waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato si', unaozungumza kwa uchungu juu ya utamaduni wa kutupa, na nilidhani kazi itakuwa rahisi: sahani tunazo, waraka tunao. Akasimama mama mmoja, mpole, mtu asiyezungumza kwenye vikao.

Alisema: "Ndugu zangu, kila msiba mimi ni wa karai. Nikifika tu, nakunja kitenge, nakaa nyuma ya nyumba naosha mpaka giza. Nimewazika watu wengi wa kijiji hiki bila kuliona kaburi. Sahani za kutupa zilipokuja, ndiyo mara ya kwanza nikaenda makaburini nikamtupia udongo mtu niliyempenda. Mnataka zirudi zile za bati. Haya, zirudi. Ataosha nani?"

Kikao kilinyamaza, na kilistahili kunyamaza. Tangu siku hiyo siwezi kumsikiliza mtu anayesifu vyombo vya kudumu bila kutaja kazi ya kuviosha. Chombo cha kutupa kimesambaa duniani kote si kwa ujinga wa watu. Kinaondoa kazi, na kazi hiyo ilikuwa ya mtu fulani, kwa kawaida mwanamke, kwa kawaida bila malipo wala asante. Ukiitaka sahani irudi lazima uihesabu kazi ile na uigawe upya. Usipofanya hivyo unamtwisha yuleyule halafu unaita ni kulinda mazingira.

Majadiliano yalichukua vikao kadhaa, na palikuwa na hasira. Tulichokubaliana ni hiki. Hakuna anayeosha wakati wa mazishi. Vyombo vinangoja mpaka watu warudi kutoka makaburini. Anayemaliza kula anakung'uta makombo mwenyewe kwenye ndoo ya nguruwe na kuisuuza sahani yake kwenye karai la kwanza, awe mzee wa kanisa au mgeni wa kutoka Dar es Salaam. Maji yanaletwa na vijana kwa mkokoteni wa ng'ombe, si kwa vichwa vya wasichana. Kuosha ni zamu, na kwenye zamu wameandikwa wanaume. Kwenye harusi, vijana wanaoosha wanalipwa kutoka kwenye ada ya vyombo, nayo tumeipandisha, lakini bado iko chini ya bei ya kununua vya kutupa. Zamu ya kwanza ya wanaume ilivuta watazamaji. Ya pili haikuwa na mtazamaji.

Misiba yetu sasa karibu yote ni ya sahani za bati. Harusi ni nusu kwa nusu.

Maji ndiyo yameniamulia mambo mengine pia. Binti yangu alipojifungua alitaka nepi za kitambaa, kwa sababu alipiga hesabu ya pampasi kwa mwezi akaona hataweza. Kiangazi ilikuwa raha: jua la Ufipa na upepo wake, nepi inakauka kabla hujamaliza kuanika ya mwisho. Ikaja masika. Kwetu mvua hunyesha Novemba hadi Aprili, na zipo siku ukungu hautoki kabisa. Nepi zilining'inia juu ya mafiga, zikanuka moshi, zikabaki na unyevu, mtoto akatoka vipele. Nikamwambia anunue pampasi za usiku na za siku za mvua, na atumie kitambaa wakati mwingine wote, na hilo nalisema bila wasiwasi. Nusu iliyopungua ni nusu kamili. Bomba lilipofika karibu na nyumba, kazi ya RUWASA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2019 kwa ajili ya maji ya vijijini, nepi za kitambaa ziliongezeka kwenye kamba za majirani bila semina yoyote. Mwanamke anayeteka maji mbali hafui nepi ishirini. Kila anayetaka kupunguza taka za watoto wachanga vijijini angeanza na bomba.

Ni hivyohivyo kwa pedi. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, bei dukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2019 kodi ikarudi. Wasichana wa kwetu walioshindwa bei walijifunza kushona pedi za kufua kwa fundi cherehani: pamba ndani, kitambaa kisichopitisha maji chini, vifungo pembeni. Zinafaa kweli pale tu shule ina maji, sabuni na chumba chenye mlango unaofungwa. Pasipo na hivyo, ni mateso mengine kwa msichana, na simlaumu anayekataa.

Na kuna chombo kimoja ambacho nawaomba wasomaji wa vijijini wasikirudishe kamwe. Chupa za dawa za shambani. Ni ngumu, zina mfuniko mzuri, zinavutia, na mtu aliyelelewa kama mimi mkono wake unawasha kuiokoa. Nimeona mafuta ya kula yamewekwa humo. Nimeona maziwa. Sumu hukaa kwenye plastiki hata baada ya kuosha. Chupa hiyo isuuzwe mara tatu palepale shambani, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kupulizia yatumike kwenye mazao hayohayo, kisha itobolewe kitako ili isishike kitu tena. Isichomwe jikoni. Ukishaitoboa hakuna atakayeitamani, hata mtoto.

Viroba vya mbolea ni habari nyingine, vikifuliwa vizuri ni jamvi la kuanikia maharage kwa misimu mingi, ila visiwekewe unga. Mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia mahindi, ile inayomnyima dumuzi hewa, tunaitumia tena msimu unaofuata baada ya kuijaza upepo na kusikiliza kama inavuja. Yenye tundu inashushwa cheo.

Ninachokitaka sasa siwezi kukipata kwa kikao cha jumuiya. Nataka chupa ya plastiki ya soda na ya maji iuzwe na dhamana, hata ndogo, inayorudishwa katika duka lolote la kijiji, na lori linaloleta lilazimike kuondoka na tupu. Mwenye duka wetu nimemuuliza. Amesema yeye yuko tayari kesho, mradi fedha hiyo isitoke mfukoni mwake na wakala asimwambie lori limejaa. Ana haki. Alikuwa kijana wa kupanga kreti dukani kwa baba yake, na anajua mpango ule ulivyokwenda bila polisi wala mabango.

Kikao kijacho ni baada ya mavuno. Tuna harusi mbili, na ukoo mmoja unatoka Mbeya na unataka maji ya chupa kwa wageni wote. Tumewapendekezea maji yaliyochemshwa kwenye ndoo zenye koki na vikombe vya jumuiya, na mazungumzo hayajaisha. La pili kwenye ajenda ni pampasi zilizotumika. Sasa zinatumbukizwa chooni na mashimo yanajaa kabla ya wakati, au zinatupwa porini mbwa wakazirudisha uani. Kuna aliyependekeza shimo moja la kijiji lenye mfuniko wa zege. Kuna anayeuliza litakuwa kwenye eneo la nani.